Siku Mama Huenda Alipokataa Kusema Huenda

Kituo cha hali ya hewa kilikuwa juu ya kilima, nyuma ya hospitali, na ndani yake alifanya kazi mwanamke ambaye riziki yake yote ilikuwa maneno. Wenzake walipima: huyu joto, yule upepo, mwingine mvua. Yeye alizipokea namba zao saa tisa alasiri, akavaa miwani yake yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, akazigeuza kuwa sentensi sita. Sentensi hizo mtangazaji wa redio ya mji alizisoma jioni, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya salamu za wasikilizaji.

Sentensi sita, mtu angesema, ni kazi ya dakika tano. Kwake ilikuwa saa nzima. Aliandika, akafuta, akanyanyuka kwenda dirishani, akarudi kubadilisha neno moja. Neno lenyewe, mara nyingi, lilikuwa huenda. Huenda mvua ikanyesha sehemu za juu. Huenda upepo ukaongezeka mchana. Mtangazaji, ambaye hakuweza kupita penye utani bila kuuokota, siku moja aliingia hewani akasema, "Na sasa tumsikie Mama Huenda wetu anasemaje kuhusu kesho." Jina likamganda kama gundi ya seremala. Kuanzia hapo hakuna aliyemwita vinginevyo, si sokoni, si kanisani wala msikitini, si kwenye foleni ya maji.

"Mama Huenda!" fundi viatu angemwita akipita. "Kiatu chako kitakuwa tayari kesho."

"Kitakuwa, au huenda kikawa?"

"Aa, mama, mimi nikisema kitakuwa, kitakuwa."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo, na leo natembea na kandambili."

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Hakuwa mtu wa kununa. Wengine walimwimbia ule msemo wa mambo ni kangaja, huenda yakaja, wakimnyoshea vidole vya mapenzi. Wasichojua ni kwamba lile neno lake halikutokana na woga. Alilinunua kwa aibu, ujanani, wala hakusahau bei yake.

Mwaka wake wa kwanza kazini alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwepesi wa mkono na wa kujiamini. Mwandishi wa taarifa aliugua, binti akaambiwa ashike kalamu kwa wiki moja, na kalamu haikumtoka tena. Anga lilikuwa safi kama sahani iliyopanguswa. Akaandika: Kesho mvua haitanyesha. Akajiona mtaalamu. Usiku ule ule mvua ikaja bila kubisha hodi, ikamwagika mpaka alfajiri.

Asubuhi mwanamke mmoja mfyatua tofali alipanda kilima na ndoo kichwani. Aliingia ofisini bila kusalimu, akaitua ndoo juu ya meza, juu ya karatasi. Ndani mlikuwa na tope jekundu.

"Tofali zangu hizo," alisema. "Mia tisa. Nilikuwa nizifunike kwa majani, kama kila siku. Redio ikasema haitanyesha. Sikusikia pengine. Sikusikia labda. Nilisikia haitanyesha, nikalala."

Binti alitaka kusema hakuna ajuaye ya kesho, lakini akajua kwamba hilo ndilo hasa alilopaswa kuliandika jana. Mwanamke akaiacha ndoo pale pale akaenda zake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na yeye siku ile alijua ulimi ukijikwaa ni nani anayeanguka.

Jioni yake alianza daftari. Upande wa kushoto aliandika neno alilolitumia, upande wa kulia kilichotokea. Akaona jambo lililomshangaza: maneno ya kesho hayafanani hata kidogo, ingawa watu huyachanganya kama maharage na choroko. Kukisia ni kazi ya mtu aliyeangalia kidogo. Kubahatisha ni ya asiyeangalia kabisa. Kubashiri, lililokuwa neno la kuleta habari njema, vijana wameshalihamishia kwenye mechi za mpira. Kuagua ana kazi nalo mganga, na kupiga ramli vilevile. Kutarajia kuna moyo ndani yake, maana mtu hutarajia anachokitaka. Na kutabiri, neno lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi yake, ndilo linalodai mengi kuliko yote, kwa sababu anayetabiri atasimamishwa kesho yake mbele ya jua na mvua waseme kama alisema kweli.

Basi akajitengenezea ngazi. Mvua iliyokuja mara tatu au nne katika kumi, aliiandikia huenda. Iliyokuja mara sita, inaelekea. Iliyokuja mara nane, inatarajiwa. Na kile kiambishi kidogo cha ta, kile cha itanyesha na yatafika, ambacho watu hukitupa midomoni kama maganda ya karanga, yeye alikiweka kwenye ngazi ya juu kabisa, peke yake. Alijiapia hatakitumia mpaka awe na hakika ya kusimama mbele ya mtu yeyote, akiwa na ndoo au bila ndoo.

Miaka ishirini na tisa ilipita. Madaftari yakawa kumi na moja, yamepangwa rafuni nyuma ya mgongo wake. Kiambishi kile hakikutoka hata mara moja.

Tabia ya kazini ilimfuata nyumbani, kama harufu ya samaki inavyomfuata muuzaji wake. Mumewe, seremala mpole, alishazoea. Akimuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, alijibiwa kinatarajiwa saa mbili, naye akajua ana muda wa kupiga randa ubao mmoja zaidi. Lakini siku ya posa ya mtoto wao wa kiume mambo nusura yaharibike. Mama wa binti alimuuliza mbele ya wazee, "Mwanao atamtunza binti yetu?" Yeye akafikiri, akafikiri tena, akasema, "Inaelekea."

Dada yake mkubwa, fundi cherehani, akadakia kabla watu hawajasimama. "Jamani, msimfikirie vibaya! Huyu mdogo wangu ukimuuliza kama yeye ni mzima, atakwambia inatarajiwa. Kwa mdomo wake, inaelekea ni kiapo!" Kicheko kikaokoa siku. Ndoa ikafungwa, na kijana akamtunza mkewe vizuri tu.

Kulikuwa na mtu mmoja mjini aliyekuwa kinyume chake katika kila jambo. Alijiita Profesa wa Nyota, alivaa koti la zambarau, na kila asubuhi saa nne hadi saa tano alikuwa na kipindi redioni. Yeye hakuwa na huenda. Wewe uliyezaliwa mwezi wa tatu, utapata safari. Wewe wa mwezi wa saba, adui yako ataanguka. Wewe mama unayenisikiliza ukiwa jikoni, utapigiwa simu na mtu wa zamani. Watu walimpenda. Aliwapa kesho nzima, imepikwa na kupakuliwa, ilhali Mama Huenda aliwapa kesho mbichi pamoja na jiko.

"Watu wanataka ta," Profesa alimwambia siku moja walipokutana kwenye ngazi za redio. "Wape ta, mama. Ni bure."

"Kwako ni bure," alijibu. "Kwangu ina gharama."

Hawakuwa maadui. Profesa aliishi na mama yake mzazi, bibi kizee asiyeweza kutembea, katika mtaa wa bondeni kando ya mto, na kabla ya kuanika nguo za mama yake kila siku alisubiri taarifa ya Mama Huenda. Nyota hakuziuliza habari za nguo.

Mtaa huo wa bondeni ndio uliokuwa moyo wa mji. Soko lilikuwa huko, na karakana za mafundi bati, na shule ya msingi yenye watoto mia sita, na chumba cha cherehani cha dada yake. Mto ulipita pembeni, mwembamba na mtulivu, watoto wakiuvuka kwa kuruka juu ya mawe wakati wa kiangazi. Ukiutazama usingedhani una hasira.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, siku ya soko kubwa. Mjini jua lilikuwa linawaka. Milimani, mwendo wa siku nzima kwa miguu, mvua ilikuwa inanyesha kwa siku ya tatu mfululizo. Saa tatu na nusu asubuhi simu ya kituoni ililia, akainua yeye. Alikuwa mzee msoma kipimo wa huko juu, mtu ambaye kila asubuhi alishuka mtoni kuangalia ubao uliochorwa mistari ya mita, akapiga simu kusema maji yako mstari gani.

"Mwanangu," mzee alisema, na sauti yake haikuwa ya kila siku, "leo sina namba ya kukupa."

"Kwa nini, baba? Hukushuka?"

"Nimeshuka. Ubao hauonekani. Umezama wote."

Ubao ule ulikuwa na urefu wa mita nne. Alimuuliza mara mbili, kisha mara ya tatu kwa maneno mengine, kama anavyofanya mtu anayetamani kusikia jibu tofauti. Mzee akajibu vilevile. Akamshukuru, akamwambia apande mahali pa juu yeye na watu wake, akaweka simu chini, akageukia rafu.

Alitoa madaftari yote kumi na moja akayatandaza sakafuni. Alipiga magoti, akawa anapekua kwa kidole. Maji yakifika mita mbili kwenye ubao, bondeni yalifika vifundoni. Yakifika mita tatu, yalifika magotini, baada ya saa sita, wala si zaidi ya sita na nusu. Mara saba katika miaka ishirini na tisa maji yalivuka mita tatu ubaoni, na mara saba zote bondeni palilowa. Saba kwa saba. Mita nne hazikuwahi kuandikwa popote. Akahesabu kwa vidole: saa tatu na nusu, ongeza saa sita, ni saa tisa na nusu. Upeo wake, saa kumi.

Alinyanyuka na vumbi magotini, akaingia kwa mkuu wa kituo.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuungua. Miaka ya nyuma, katika kituo kingine, alitangaza mafuriko, watu wakahama, mafuriko yasije. Mwaka mzima watoto walimfuata barabarani wakijifanya wanaogelea. Tangu hapo hakusaini sentensi isiyokuwa na mlango wa nyuma.

"Andika hivi," alisema baada ya kumsikiliza. "Kutokana na mvua katika maeneo ya juu, wananchi waishio kando ya mto wanashauriwa kuchukua tahadhari."

"Mkuu, hiyo tumeiandika mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Na nani aliwahi kuhama kwa sababu ya kushauriwa?"

Mkuu akatazama dirishani. Jua lilikuwa limejaa uani, mbuzi wa mlinzi amelala kivulini. "Nimepiga simu makao makuu, haipokelewi. Ukisema yatakuja, yasije?"

"Nitapanda jukwaani pale sokoni nizomewe. Ni siku moja. Lakini nikisema huenda, yakaja, hao wa shuleni..."

"Mama," mkuu alisema kwa upole, "wewe? Wewe ambaye hujawahi hata kusema kesho itakuwa Alhamisi?"

"Ndiyo maana nakuomba unisikilize leo."

Mkuu akachukua kalamu, akairudisha chini, akaichukua tena. Mwishowe akasema, "Andika unavyojua. Tutasaini wote wawili. Nikizomewa, angalau nitakuwa na mwenzangu."

Mama Huenda hakuandika. Siku nyingine zote alituma karatasi, lakini alimjua mtangazaji: angeisoma kwa ile sauti yake ya kuwatakia watu heri. Aliomba gari la kituo, akashuka kilima akiwa ameshika daftari la mwisho kifuani, akapanda ngazi za redio mbili mbili. Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango wa studio. Akausukuma mlango.

Profesa wa Nyota alikuwa katikati ya mwezi wa tisa. "Wewe mwenye nyota hii," alikuwa akisema, "wiki hii utapokea zawadi ambayo..." Akamwona, akanyamaza. Mtangazaji alimpungia mikono kwa hofu atoke. Yeye akavuta kiti, akakaa, akasogeza kipaza sauti mbele yake. Mji mzima ulikuwa unasikiliza: vinyozi, mama lishe, mafundi bati, wauza vitambaa, kila mmoja na redio yake.

"Samahanini," alisema. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yake redioni. Ilikuwa ya chini, na ilitetemeka kwenye neno la kwanza tu. "Mimi ndiye mnayeniita Mama Huenda. Naongea na watu wa bondeni. Mto umefurika milimani. Maji yatafika kwenu leo kabla ya saa kumi. Yatapita kimo cha mtu mzima. Yataingia sokoni, yataingia karakana, yataingia shuleni. Chukueni watoto, wazee na wagonjwa kwanza. Pandeni barabara ya hospitali. Ondokeni sasa hivi."

Profesa aliinama kwenye kipaza sauti chake, na mji mzima ukamsikia akiuliza, bila madaha yake ya kila siku, "Mama, unasema huenda, au unasema ya-ta-fika?"

"Nasema yatafika."

Profesa akavua vifaa vya masikioni, akaviweka mezani taratibu. "Wasikilizaji wangu," alisema, "nyota zitanisubiri. Mimi naenda kumtoa mama yangu." Wakamsikia akisukuma kiti, wakasikia mlango, wakasikia viatu vyake vikishuka ngazi mbio.

Sokoni, walisimulia baadaye, kulitokea kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: soko zima lilinyamaza siku ya soko. Muuza nyanya alibaki ameshika nyanya hewani. Halafu mtu mmoja akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Huenda amesema yata." Mwingine akarudia. Likapita neno lile kutoka meza hadi meza, likaingia karakana, nyundo zikakoma. Miaka ishirini na tisa walikuwa wamemcheka kwa kutolitamka. Sasa alikuwa amelitamka mara tano mfululizo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Dada yake, fundi cherehani, alitoka mlangoni na futi ya kupimia shingoni akapaza sauti mtaa ukaitika. "Mimi nimemlea yule! Nimemwogesha, nimemsuka! Tangu aanze kazi ile hajaniambia kitu kwa hakika! Mnangoja nini, mnangoja alie?" Akafunga chumba, akambeba mtoto wa jirani mgongoni, akamshika mwingine mkono. Mwalimu mkuu alipiga kengele, akawatoa watoto wote mia sita kwa mistari, wakubwa wameshikana mikono na wadogo. Mafundi bati waliyageuza matoroli yao kuwa machela. Profesa alionekana akipanda barabara ya hospitali, koti la zambarau limefungwa kiunoni, mama yake mgongoni akimkemea kwamba anamtikisa.

Kufikia saa nane bondeni palikuwa na mbwa wawili na upepo.

Ndipo ikaja sehemu ngumu kuliko zote, ile ya kungoja. Watu elfu kadhaa walijaa uwanja wa hospitali na barabara yote ya juu, wakatazama chini. Jua liliwaka. Mto ulipita pale pale pembeni, mwembamba, mtulivu, unamemeta. Saa nane na nusu. Saa tisa. Mama Huenda alisimama ukingoni mwa barabara, daftari kifuani, midomo imemkauka. Mumewe alikuja na chupa ya maji, akasimama kando yake.

Saa tisa na nusu ilipita. Minong'ono ikaanza. Muuza nyanya mmoja alisema nyanya zake zinaungua na jua, atashuka mara moja tu. Wengine watano wakamfuata. Mkuu wa kituo, aliyekuwa hatua chache nyuma, alipangusa jasho shingoni.

Mama Huenda akawakimbilia wale wa nyanya, akawazuia njia kwa mikono iliyonyooshwa. Mwanamke mfupi mwenye miwani ya uzi.

"Nyanya zangu, mama!" muuzaji alisema. "Saa kumi inafika. Mto huo hapo, hata chura haumfiki magotini!"

"Nimesema kabla ya saa kumi."

"Imebaki robo!"

"Basi nipe hiyo robo. Nimekusemea kesho yako miaka yote hii, nimewahi kukudanganya?"

Muuzaji akafungua mdomo. Akatafuta, na watu wakamwona anatafuta, siku moja, mvua moja, neno moja lililomponza. "La," akasema mwishowe, kana kwamba linamuuma. "Hujawahi." Akakaa chini barabarani, na wale watano wakakaa.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, mbwa wale wawili wa bondeni walipanda mbio. Kisha ukasikika mngurumo, si wa radi, bali kama magari mengi ya mchanga yanayomwaga kwa pamoja. Mto ulibadilika rangi kwanza. Halafu ulipinda kona ya juu ukiwa ukuta wa maji mekundu wenye miti mizima kichwani, ukaingia mtaani. Meza za soko ziliinuka zikaondoka kama kundi la ng'ombe. Paa la karakana lilivuka barabara. Maji yaliingia shuleni kwa madirisha ya upande mmoja, yakatokea ya upande wa pili. Alisema yatapita kimo cha mtu mzima; yalifika kimo cha mtu na nusu.

Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu mkuu alikuwa anahesabu watoto kwa mara ya tatu, akigusa kila kichwa. Alipofika wa mwisho alisema kwa nguvu, "Mia sita na wanne. Wote!" Sauti nyingine ikadakia upande wa pili, "Wa karakana wote!" Na nyingine, "Mtaa wa juu ya daraja, wote!" Kila kundi likajihesabu, kila kundi likapaza sauti, na lile neno wote likatembea barabara nzima mpaka likarudi lilikoanzia. Hakupotea hata mmoja. Hata bibi kizee mama yake Profesa alikuwa juu ya kitanda cha hospitali, amefunikwa koti la zambarau, analalamikia chai kukosa sukari.

Ndipo vigelegele vikalipuka. Mama Huenda alijikuta miguu haigusi ardhi: mafundi bati walikuwa wamembeba mabegani. Alishika miwani kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono mwingine, akilia na kucheka kwa wakati mmoja, na dada yake chini akipasua njia kwa viwiko huku akitangaza, "Mdogo wangu huyo! Tumbo moja! Tumbo moja!" Mkuu wa kituo alikuwa anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, kama mtu aliyeshushwa mzigo wa miaka.

Maji yalikaa bondeni siku mbili, yakaondoka, yakaacha tope. Watu walikuwa na kila sababu ya kulia, maana walipoteza meza, cherehani, madaftari ya shule, mabati. Lakini walifanya usafi wakiimba. Mtu aliyekuwa akichota tope alisikika akimwambia mwenzake, "Ndugu yangu, hili tope tunalichota sisi. Lingeweza kutuchota lenyewe."

Baada ya wiki mbili makao makuu walipokea simu hatimaye, tena wakaja wenyewe, watu wanne na gari jeupe. Walitaka kuona mitambo iliyotoa tahadhari ile. Mkuu wa kituo akawapeleka kwenye rafu, akawaonyesha madaftari kumi na moja na mwanamke aliyekuwa akikaza uzi wa miwani yake. Waliyasoma tangu asubuhi mpaka jioni. Waliondoka na nakala zake, na kabla mwaka haujaisha ile ngazi yake ya maneno ilibandikwa kwenye ukuta wa kila kituo cha nchi, na waandishi wa taarifa wakawa wanaletwa kilimani, kumi kumi, kufundishwa naye. Alikuwa mwalimu mkali. Aliyeandika ta bila ushahidi alitumwa mtoni akasome ubao kwa mwezi mzima.

Soko lilifunguliwa upya mahali pa juu zaidi, siku ya Jumatano yenye mawingu. Walimjengea jukwaa la meza tatu zilizounganishwa na mumewe mwenyewe, wakamwomba aseme neno. Alipanda. Aliutazama umati ule, akawaona wa nyanya, wa viatu, wa nguo, watoto wamekaa mbele na kaptura zao mpya ambazo dada yake alizishona kwa cherehani ya kuazima. Alikuwa ameandaa hotuba ya ukurasa mzima, ameifuta na kuiandika upya mara saba. Aliikunja akaitia mfukoni.

"Mko hapa," alisema. "Nyote mko hapa. Hili silitabiri, naliona."

Mtangazaji akaweka muziki. Mama Huenda hakuwa anajua kucheza, na kila mtu mjini alilijua hilo. Alicheza pale pale juu ya meza, vibaya sana, mikono juu, mpaka wimbo ukaisha, nao wakadai mwingine.